Mwaka Dorotea Aliopewa Kunyamaza

Kanisani kwao Pasiansi, Jumapili ya kwanza ya mwaka hakuna anayechelewa. Hata wale ambao mwaka mzima huingia mahubiri yakiwa katikati, siku hiyo wanawahi viti vya mbele, kwa sababu ndiyo siku linapopita kapu. Ni kapu la kawaida la ukindu, la kuendea sokoni, ila limefunikwa kitambaa cheupe, na ndani yake mna vikaratasi vilivyokunjwa, kila kimoja na mstari wake wa Biblia. Unafumba macho, unaingiza mkono, unachomoa kimoja, unampa mchungaji anakisoma kwenye kipaza sauti ili kanisa zima lisikie. Hilo ndilo neno lako la mwaka. Halirudishwi kapuni, na ukipata shida mwezi wa tano, wenzako hawakuulizi umefanya nini. Wanakuuliza neno lako lilisemaje.

Dorotea, muuza dagaa wa soko la Mwaloni, alikuwa analiamini kapu lile kuliko anavyoamini utabiri wa hali ya hewa. Mwaka alipougua tumbo mpaka ndugu wakaanza kupigiana simu, neno lake lilikuwa "Sitakufa bali nitaishi," na alilisoma wodini mpaka wagonjwa wenzake wakaomba kuhamishwa. Mwaka upepo wa ziwani ulipoezua nyumba yake, alikuwa amechomoa la nyumba iliyojengwa juu ya mwamba. Alisimama sebuleni, mbingu zikiwa wazi juu ya kichwa chake, akalisoma kwa sauti kubwa mpaka fundi akaja kwa aibu.

Mwaka huu alikuwa na haja yake maalumu. Mkwe wake Rebeka alikuwa ameondoka kabla ya Krismasi na kurudi kwao Nansio, kisiwani Ukerewe, amembeba mgongoni mjukuu wa pekee wa Dorotea, mtoto mchanga aitwaye Favour. Dorotea alikuwa amekusudia kuwafuata. Alichotaka kapuni ni neno la kwenda nalo, lenye upanga au ngome ndani yake, na kama ingewezekana, simba.

Mchungaji Yeremia alifungua kikaratasi cha Dorotea, akakitazama kwa muda, akamtazama mwenyewe, kisha akasoma, "BWANA atawapigania ninyi, nanyi mtanyamaza kimya."

Kicheko kilianzia kwenye kwaya. Kilipita kwa akina mama, kikafika kwa wazee wa kanisa, ambao walijaribu kukigeuza kuwa kikohozi. Dorotea alirudi kitini akisema, kwa sauti iliyosikika hadi nje, kwamba kapu halikuchanganywa vizuri.

Aliyefuata kwenye kapu alikuwa Justa, mjane muuza nyanya, ambaye nyumba yake imeungana na ya Dorotea ukuta kwa ukuta. Justa ni mtu ambaye hata chafya huipigia ndani ya khanga. Miaka mingi amesimama kwenye sauti ya pili ya kwaya, na hajapatikana mtu aliyewahi kuisikia sauti hiyo. Mchungaji alifungua kikaratasi chake na kusoma, "Piga kelele, usiache, paza sauti yako kama tarumbeta, uwahubiri watu wangu kosa lao, na nyumba ya Yakobo dhambi zao."

Hapo hata wazee wa kanisa waliacha kukohoa, wakacheka waziwazi. Vichwa vyote viligeuka kumtazama Yakobo, mtoto wa Dorotea na mume wa Rebeka, fundi wa injini za mitumbwi, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma peke yake kama mtu aliyesahauliwa stendi. Justa alishika meza ya madhabahu asianguke.

Baada ya ibada Dorotea alimvuta Justa nyuma ya choo cha kanisa na kumweleza kwamba jambo liko wazi, mkono wa mtu umeteleza, kila mmoja amechukua cha mwenzake, na dawa ni kubadilishana kabla jua halijazama. Justa alikubali haraka, tena kwa shukrani. Ila Mchungaji Yeremia aliwaona.

"Mama Yakobo," alisema, "hivyo si vitenge, useme hiki hakinikai, nipe hicho."

Basi kila mmoja akaenda nyumbani na cha kwake.

Sasa ni vizuri kueleza Rebeka aliondokaje, kwa sababu mtu asipojua hilo anaweza kumwonea Dorotea huruma kabla ya wakati.

Katika kanisa lile, kama ilivyo katika makanisa mengi, huwezi kumsema mtu. Kumsema mtu ni dhambi. Lakini unaweza kumshukuru Mungu juu yake, na unaweza kumwombea. Siku Favour alipoletwa kanisani kubarikiwa, Dorotea aliomba nafasi ya ushuhuda, akapewa kipaza sauti, na akamshukuru Mungu kwa kumpa mjukuu. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Aliendelea kumshukuru Mungu kwa kumpa uvumilivu, maana mkwe wake jua linamkuta kitandani, mtoto anaogeshwa na bibi, vyombo vinaoshwa na bibi, lakini bibi hanung'uniki. Akaomba kanisa lisimame pamoja naye katika maombi, ili mkwe wake afunguliwe kutoka kwenye roho ya usingizi.

Kanisa lilisimama. Wazee wawili walikwenda mbele wakamwekea Rebeka mikono kichwani, juu ya nywele alizosuka kwa ajili ya siku ile, wakaikemea roho ya usingizi kwa kuitaja jina. Rebeka alikuwa amevaa kitenge kipya, amembeba mtoto, na machozi yalimtoka. Akina mama waliyaona wakasema haleluya, roho inatoka.

Kesho yake alipanda meli ya Nansio.

Yakobo alimfuata, akapokewa vizuri, akala, akacheza na mtoto, akarudi peke yake na ujumbe. Baba yake Rebeka, Mzee Masatu, alikuwa amesema hana ugomvi na kijana. Aliyesema ndiye aje. Na asije peke yake, aje na mtu wa kumsemea, kwa sababu kwa desturi yao mtu hasimami mbele ya wakwe akajitetea kwa mdomo wake mwenyewe. Wasipokuja, binti yake atabaki na mtoto atasoma Ukerewe.

Dorotea alisema hilo la msemaji si tatizo, atambeba mumewe kama msemaji, kisha atasema mwenyewe. Mumewe, Shimba, mtu wa maneno machache kwa sababu hakuwahi kupata nafasi ya kuyasema, alitikisa kichwa. Alisema mdomo ule aliuoa kwa hiari yake na hajutii, lakini kuutetea mbele ya wakwe ni kazi ambayo hakuahidi siku ya ndoa.

"Mama," Yakobo aliongeza, "kama unakwenda kuongea, bora usiende. Utanimalizia mke."

Hayo yote yalikuwa kabla ya kapu. Baada ya kapu Dorotea alilala, akaamka, na Jumatatu ile akaamua kwamba kama Mungu amesema anyamaze, atanyamaza, na lolote litakalotokea litakuwa juu ya aliyesema.

Watu wa Mwaloni wanaikumbuka siku hiyo. Kwa kawaida Dorotea huita wateja kwa kuwatukana kwa upendo: wewe mama mwenye khanga ya kijani, unapita wapi na watoto wana njaa, au mume amekukataza dagaa. Siku hiyo alikaa nyuma ya rundo lake, mikono mapajani, kimya. Wateja walipita kwa unyenyekevu, wakamsalimia kwa sauti ya chini na kwenda zao. Kufikia adhuhuri wenzake walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba amefiwa, kilichobaki ni kujua aliyekufa ni nani, na walikuwa wanapangana nani atapika na nani ataazima maturubai. Walipomzunguka wote na kuanza wimbo wa kufariji, ilibidi aseme kwamba hajafiwa. Na mdomo ukishafunguka, haukufungwa tena hadi soko linafungwa.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alipotenga chakula bila neno, Shimba alikula tonge chache, akasimamisha mkono hewani.

"Umejua," alisema.

Dorotea alimtazama tu.

"Nilikuwa nikuambie mwenyewe. Ile sufuria kubwa nilimpa dada yangu wa Magu. Hukuibiwa." Akashusha mkono. "Na baiskeli pia."

Dorotea alilisema jambo la sufuria mpaka watu wa nyumba ya tatu walijua ukubwa wake. Asubuhi, sauti ikiwa imekauka, alikwenda kwa Mchungaji Yeremia.

Alimkuta akiziba tundu kwenye banda la kuku. Alimwambia kwamba amejaribu na ameshindwa, na kwamba anataka kujua kwa nini Mungu amnyime mtu silaha pekee aliyompa mwenyewe. Mchungaji aliendelea kukaza waya huku akimsimulia habari ile tena, kana kwamba hajawahi kuihubiri: jinsi watu walivyofika ukingoni mwa bahari, Farao anakuja nyuma na magari yake, na badala ya kuomba wakaanza kumsema Musa, wakamuuliza kama Misri hakukuwa na makaburi mpaka awalete kufia huku.

"Walikuwa wanaongea sana," alisema Mchungaji. "Mtu akiogopa anaongea."

"Mimi simwogopi mtu."

"Sijasema wewe, Mama Yakobo. Nasema Waisraeli."

Dorotea alimshikia waya.

"Sasa nikifika kule nikanyamaza, na wao wakanisema wanavyotaka, nani atanitetea?"

"Si umesomewa? Atawapigania."

"Na akichelewa?"

Mchungaji aliweka koleo chini. "Hapo ndipo unapotakiwa ushujaa. Kujitetea mwenyewe hakutaki ushujaa, kunataka mdomo tu. Kukaa pale mikono mitupu na kusubiri mwingine akutetee, hiyo ndiyo kazi ya mtu jasiri. Mimi mwenyewe sijaiweza."

Dorotea alitoka pale hajaridhika, lakini alipofika barabarani alikuwa amekwisha kujua msemaji atakuwa nani. Kanisa zima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeamriwa na Mungu kupaza sauti mwaka ule.

Justa alipoambiwa alikaa chini juu ya nyanya zake. Alisema, kwa kunong'ona, kwamba hawezi, kwamba hajawahi kusema mbele ya watu hata kwenye harusi yake, padri wa wakati ule alichukulia amekubali. Dorotea alimjibu kwamba neno ni neno. Kwa siku kadhaa walikuwa wanateremka wote wawili ufukweni asubuhi, pale korongo wanapokusanyika kusubiri matumbo ya samaki, na Justa anawahutubia. Mwanzoni hawakugeuka hata kumtazama. Dorotea alisimama kando, mkono mdomoni, na mkono mwingine ukimpandishia sauti kama kiongozi wa kwaya. Siku korongo mmoja aliporuka kwa mshtuko, wakaona wako tayari.

Walisafiri siku ya Alhamisi. Ziwa lilikuwa limetulia, na ndani ya meli Justa alikaa dirishani akirudia maneno yake kwa midomo tu. Karibu nao palikuwa na mama mmoja mnene mwenye mzigo wa viazi, mtu wa kuzungumza na meli nzima, na kabla hawajaacha miamba ya Mwanza nyuma alikuwa amefika kwenye habari ya wanawake wa Mwaloni, jinsi wanavyochanganya dagaa na mchanga ili wawe wazito, na kwamba hata kanisani hawaoni aibu.

Justa aligeuka polepole. Shingo ya Dorotea ilikuwa imevimba. Mama wa viazi, kwa bahati mbaya, alimchagua yeye.

"Si kweli, dada yangu? Wewe unaonekana mtu wa kula dagaa."

Dorotea alichukua karanga kwenye mfuko wa Justa, akazitia mdomoni pamoja na maganda yake, akatafuna. Alitafuna mpaka Nansio. Kila neno lililopanda alilisukuma chini na karanga nyingine, na kati ya tafuno na tafuno alikuwa anawaza habari ya wale watu na bahari yao. Maji alikuwa nayo, mbele na nyuma. Alichokuwa anatafuta ni Farao, na walipokuwa wanaikaribia gati alishuku kwamba huenda Farao amesafiri naye tangu Pasiansi, tena mdomoni mwake.

Nyumba ya Mzee Masatu iko nje kidogo ya mji, katikati ya michungwa na mihogo. Walipokelewa kwa heshima iliyo baridi. Maji ya kunywa, vigoda juu ya mkeka, habari za safari. Rebeka alitoka na mtoto mgongoni, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama," bila kuinua macho, na Dorotea akaitikia marahaba kwa sauti ambayo Justa hakuijua. Favour alikuwa amenenepa. Aliangalia wageni kwa macho makubwa, akamtambua bibi yake au alitambua rangi ya khanga yake, akatabasamu kwa ufizi. Mikono ya Dorotea ilinyanyuka yenyewe. Rebeka aligeuka akaenda kusimama nyuma ya baba yake.

Mama yake Rebeka ndiye aliyeeleza kosa. Alieleza taratibu, bila matusi, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana matusi Dorotea alijua jinsi ya kuyajibu. Alisema binti yake walimtoa kwao mzima, akarudi anaamka usiku akiuliza kama kuna watu wanamwombea. Kisha akasema basi, wageni wanaweza kusema walichokuja kusema.

Justa alisimama. Alisema maneno yake ya kwanza.

"Eh?" alisema Mzee Masatu, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

Yakobo alikuwa amewaeleza habari za wakwe zake zote, njia, desturi, hata mbwa. Hakuwaambia kwamba mzee ana sikio moja tu linalofanya kazi, na hilo moja lenyewe hufanya likipenda.

Justa alirudia. Mzee aliomba arudie tena. Justa alimtazama Dorotea kwa macho ya mtu anayezama, na Dorotea, ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kuona neno likikosa msikilizaji bila yeye kuliokota, alikaza mikono mapajani na kutazama mkeka. Basi Justa akavuta pumzi, akafumba macho kama aliye mbele ya korongo, na sauti ikatoka. Ilikuwa sauti nzuri, ya juu, yenye ukali kidogo kama bati, na ilipita juu ya ua ikaenda mpaka kwa majirani.

Alisema kwamba Mama Yakobo alisimama kanisani akamwita mkwe wake mvivu mbele ya watu wote. Jirani wa kwanza alitokeza kichwa juu ya ua. Alisema kwamba halikuwa ombi bali lilikuwa sengenyo lililovaa vazi la ibada. Jirani wa pili alikuja na watoto wake. Alisema kwamba yeye Justa alikuwa amekaa na kwaya siku ile na alijua ukweli, akaogopa kusema, na kwa hiyo naye ana kosa.

"Ukweli gani?" aliuliza mzee.

"Mtoto alikuwa analia usiku kucha, mzee. Kila usiku. Mimi nyumba yangu imeungana na yao, namsikia. Rebeka alikuwa anatembea naye chumbani mpaka alfajiri, anamwimbia. Ndipo anapata usingizi, jua limeshatoka."

"Na huyu bibi yake, hakusikia?"

Justa alisita. Haikuwa sehemu ya maneno waliyofanyia mazoezi.

"Bibi yake anakoroma, mzee."

"Anafanyaje?"

"Anakoroma," alipaza Justa, na sasa hakukuwa na wa kumzuia. "Anakoroma mpaka sisi wa ukuta wa pili tunajua amelala ubavu gani."

Pale uani palikuwa na watu wengi kuliko wakati wa kufika. Kuitwa msengenyaji Dorotea alikuwa amejiandaa. Kukoroma hakujiandaa. Ni jambo ambalo Shimba, kwa miaka yote, hakuthubutu kulitaja, na ambalo Dorotea alikuwa na majibu yake mengi, mazuri, makali, yamejipanga kooni kama watu kwenye mlango wa meli. Kulikuwa na habari za Justa mwenyewe ambazo zingetosha kumfanya asirudi Mwanza. Alifungua mdomo. Justa aliziba uso kwa khanga.

Nanyi mtanyamaza kimya. Alijisikia kama mtu aliyewekwa uwanjani bila nguo, na akangoja. Hakuna kilichotokea. Hakuna bahari iliyogawanyika. Mama yake Rebeka alikuwa anajitahidi kutocheka, jirani alikuwa anamweleza jirani, na katika ukimya ule mdogo aliouacha mwenyewe, Dorotea alisikia kwa mara ya kwanza kile ambacho Justa alikuwa amekisema kabla ya hapo.

Alimtafuta Rebeka kwa macho.

"Mtoto alikuwa analia, mwanangu?"

Aliuliza kwa sauti ndogo kabisa. Tangu Rebeka aolewe, Dorotea alikuwa amemwambia mambo mengi, na hili lilikuwa la kwanza kumuuliza.

"Kila siku, mama," alisema Rebeka. "Nilikuwa namziba mdomo kwa titi ili usiamke. Nilijua unaondoka mapema Mwaloni."

Dorotea alishuka kutoka kwenye kigoda, akapiga magoti yote mawili mkekani, mbele ya binti aliye mdogo kwake kwa mbali, jambo ambalo Msukuma yeyote angemwambia halifanywi, mkwe hapigiwi magoti. Rebeka alikimbia kumwinua. Alimshika mabega, akashindwa kumnyanyua kwa uzito, akaishia kupiga magoti naye, na wote wawili wakalia, na Favour mgongoni akaona ni vema naye alie.

"Amesema nini?" aliuliza Mzee Masatu.

"Hajasema kitu," mkewe alimjibu sikioni.

"Sasa mbona wanalia?"

Walipewa sato na ugali, wakala. Jioni mzee alimwita binti yake na kumuuliza mbele ya wote anasemaje. Rebeka alifikiri. Alisema amemsamehe mama, tena kwa moyo, na kwa mume wake atarudi. Lakini hatarudi kwenye ule ua. Yeye na Yakobo watapanga vyumba vyao Kitangiri, huko huko Mwanza, na mama atakuja kumwona mjukuu wakati wowote anaotaka, ila atapiga hodi, na atangoja akaribishwe.

Justa alimtazama Dorotea. Wote walimtazama. Chumba cha Yakobo alikijenga yeye kwa dagaa wake, tofali kwa tofali, ili watoto wasiende mbali. Kwa kujitetea peke yake, jambo hili lilikuwa na maneno ya kutosha kufika mpaka asubuhi. Midomo yake ilicheza.

"Sawa, mwanangu," alisema.

Usiku ule alilala mkekani kwa wakwe, na Justa anashuhudia kwamba alijitahidi sana kulala macho.

Walihamia Kitangiri mwezi uliofuata. Dorotea alikaa wiki nzima bila kwenda, akisema ana kazi. Shimba alikwenda, Yakobo alipita kuchukua vifaa vyake, hata Justa alikwenda na nyanya na kurudi akisimulia kwa kirefu, maana siku hizi husimulia kwa kirefu. Dorotea aliuliza kama mtoto anaota meno, akajibiwa ndiyo, akaendelea kupepeta dagaa.

Jumamosi asubuhi aliamka, akachambua dagaa wazuri wasio na vichwa vilivyokatika, akawatia kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, akaenda. Mlango ulikuwa umeachwa wazi nusu. Ndani sauti ya Favour ilikuwa inajaribu neno moja tena na tena. Hakuwahi katika maisha yake kupiga hodi kwenye nyumba ya mwanawe. Mlango wa mwanawe alikuwa anausukuma kwa bega, akiwa katikati ya sentensi.

"Hodi," alisema.

Hakuna aliyeitikia. Alisikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Huenda hawakusikia. Huenda wamesikia na wanashauriana. Mama mmoja wa nyumba ya jirani, akianika nguo, alimuuliza kama amewakosa wenyeji, na Dorotea akatikisa kichwa kwamba hapana, wapo, anangoja tu. Ndoo ilikuwa inamkata vidole. Aliihamishia mkono wa pili.

"Hodi," alisema tena, na safari hii ilitoka ndogo kuliko ya kwanza.

Rebeka alitokea na beseni la maji machafu, tayari kulirusha, akalikamata hewani.

"Mama. Umesimama hapo tangu lini?"

"Ndiyo kwanza nafika."

Jirani aliyekuwa anaanika aligeukia nguo zake. Rebeka aliweka beseni chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akampokea ndoo.

"Shikamoo. Karibu ndani, mama."

Dorotea alivua kandambili zake, akaziweka pembeni mwa mlango, zikielekea nje, kama zinavyowekwa na mgeni.